Mwache Bibi Anyanyuke Mwenyewe

Ukipita Magomeni jioni, hii ya kwetu Mtwara, siyo ile ya Dar, utawakuta wazee barazani. Mmoja kwenye mkeka, mwingine kwenye kiti, korosho za kubangua ziko pembeni. Bibi akitaka kuinuka tu afuate maji, wajukuu watatu wanaruka: "Kaa, bibi, tunakuletea!" Ni adabu, ndivyo tulivyolelewa. Na mimi nilimfanyia hivyo bibi yangu kwa miaka, hadi nilipomkuta anashindwa kutoka kitandani bila kushikwa mkono. Hakuwa anaumwa. Sasa ile nguvu ilikwenda wapi?

Jibu liko kwenye misuli. Mwili haupendi kulisha misuli usiyoitumia, na uzeeni inapungua haraka zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wazee wenye afya zao walilala kitandani siku 10 mfululizo. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Siku 10 tu! Sasa piga hesabu ya miaka ya "kaa, bibi".

Lakini misuli hairudi nyuma tu. Mwaka 1990, kule Boston, wazee dhaifu wa miaka 90 hivi walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu zao ziliongezeka kwa wastani zaidi ya mara mbili.

Bibi yako hahitaji vyuma. Anaweza kuanza na yoga ya kitini. Kama jina linakutia wasiwasi, hapa tunazungumzia mijongeo na pumzi tu, hakuna ibada ndani yake. Tafuta kiti imara cha mbao, mgongo wake uguse ukuta. Kile cha plastiki kinateleza na miguu yake inajipinda. Nyayo zote mbili zikanyage chini.

Kwanza, vifundo vya miguu. Anyanyue vidole, kisha visigino, kwa kupokezana, mara 20. Mtu akisimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka tumboni na miguuni. Kijana hasikii kitu, kwa sababu moyo na mishipa vinarekebisha ndani ya sekunde chache. Kwa mzee marekebisho hayo huchelewa, na dawa za presha zinaweza kuyachelewesha zaidi. Ndiyo kile kizunguzungu cha alfajiri anapoamka kuswali. Misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, ni kama pampu: ikijikaza, inasukuma damu kurudi juu. Kwa hiyo hili alifanye pia akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kabla hajasimama.

Pili, kunyoosha goti. Anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi 5, aushushe polepole. Mara 8 kila upande. Hapa inafanya kazi misuli ya mbele ya paja, ileile inayomtoa kitini.

Tatu, mikono na pumzi. Avute pumzi mikono ikipanda, aitoe ikishuka. Asibane pumzi kabisa: kujikaza huku umebana pumzi kunapandisha presha ghafla.

Nne, kunyanyuka. Asogee mbele ya kiti, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole, ndipo asimame. Wazee wengi hujaribu kuinuka mgongo ukiwa wima, wakarudi chini puu! Sababu ni uzito: lazima uhamie juu ya nyayo kwanza. Kisha akae polepole, asijitupe. Mara 5. Mwanzoni asukume mapaja kwa mikono. Akizoea, mikono ibaki kifuani.

Usiishie kitini lakini. Kiti hakifundishi balansi, na mzee huanguka akiwa amesimama au anatembea. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na balansi angalau siku 3 kwa wiki. Akishapata nguvu, asimame nyuma ya kiti, ashike mgongo wake, ainue mguu mmoja kidogo. Wewe uwe karibu.

Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkata, aache na apelekwe hospitali. Mwenye mvunjiko, upasuaji wa karibuni au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye mifupa dhaifu asijipinde kiuno kwa nguvu.

Bibi yangu alianza na kunyanyuka mara 2, akihema. Siku hizi nikikimbilia kikombe chake ananikata jicho: "Kiache hapo. Hilo ndilo zoezi langu."