UMEPUNGUA KILO TANO? PIMA KWANZA MZANI!

Wiki hii nina maswali mawili tu, na naomba uyajibu kimoyomoyo usije ukaumbuka mbele za watu. La kwanza: una kilo ngapi? Haya, umeshajibu. La pili: nani kakwambia?

Naweka dau kwamba wengi wenu mmeambiwa na mzani wa bafuni, ule bapa wenye kioo kidogo na namba zinazozunguka. Jina lake wa bafuni, lakini huku kwetu bafuni haukai. Unakaa stendi, chini ya mwavuli, na kijana wake pembeni kashika kibao: PIMA UZITO HAPA. Unavua viatu, unapanda, namba zinayumba kama mlevi, zinatulia. Unatoa hela, unaondoka ama unatabasamu au umenuna.

Mimi nimenuna vya kutosha. Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya kutoka Mbinga mjini kushuka ziwani. Stendi ya Mbinga nikapima: kilo 61. Jioni yake nikafika Mbamba Bay, nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa na mzani ukumbini, nikapanda: kilo 66! Kesho yake nikaenda Liuli kwa shangazi, naye ana ule wa kisasa wa betri aliotumiwa na mwanawe: kilo 58 na nusu. Jamani! Kwa siku mbili, bila kuumwa wala kufunga, nimenenepa kilo tano na kukonda saba na nusu. Kama hiyo ni kweli, basi mimi si mtu, ni puto.

Nilipomlalamikia mwenye nyumba ya wageni, alinijibu kitaalamu kabisa: "Mwanangu, kule mlimani mtu anakuwa mwepesi. Huku chini ziwani hewa nzito." Wenzangu waliokuwa wanakula usipa pembeni wakaitikia kwa vichwa. Basi nikaona nilifuatilie.

MLIMA HAUNA KOSA

Ni kweli Mbinga iko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Nyasa yapo kwenye meta 475 hivi. Na ni kweli vilevile kwamba ukipanda juu, dunia inakuvuta kwa nguvu pungufu kidogo, kwa hiyo mzani wa springi utasoma pungufu. Mzee hakukosea hapo. Kakosea kipimo.

Hata ukipanda kilomita nzima kwenda juu, mtu wa kilo 60 mzani utampunguzia gramu 20 hivi. Gramu ishirini! Hiyo ni chumvi ya kwenye kiganja. Kilo tano hazitoki mlimani wala ziwani. Zinatoka ndani ya mzani wenyewe.

Ukiufungua ule wa springi, ndani hakuna ajabu: vyuma vinavyopokea uzito kutoka kwenye pembe nne, springi inayovutika, na kijimeno kinachozungusha sahani ya namba. Springi ikikanyagwa na watu mia kwa siku inachoka. Ikikaa kwenye unyevunyevu inashika kutu. Ukiuweka juu ya mchanga, zulia au sakafu yenye mabonde, vile vyuma vinakaa upande na namba inaenda inakotaka. Na ukianguka kutoka kwenye bodaboda ndiyo basi tena, unabaki mzani wa mapambo.

Wa betri nao usiuone una namba zinazowaka ukadhani ni malaika. Ndani ya miguu yake kuna vidude vinavyohisi mgandamizo na kuugeuza kuwa umeme. Betri ikifa nguvu, au mguu mmoja ukining'inia hewani, unadanganya vilevile, tena unadanganya kwa desimali. Watu huamini zaidi 58.5 kuliko 60 kwa sababu ya hiyo nukta. Nukta siyo ukweli, ni nukta tu.

KASHESHE YENYEWE SASA

Utaniambia, kijana, kilo tano zinakuuma nini? Sikiliza kisa hiki.

Kuna binti tuliyesoma naye sekondari, jina naliweka kapuni. Mwanzoni mwa mwaka jana alipima kwa rafiki yake mjini, kilo 64. Akaenda kijijini kumsaidia mama yake kuchimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kwenye miteremko yanayozuia maji yasisombe udongo. Ni kazi ya jasho, asikudanganye mtu. Baada ya wiki tatu akarudi mjini, akapita stendi, akapanda mzani wa kijana: kilo 58.

Kilo sita! Tena akazisoma kwa sauti, na jirani yake yuko pale. Unazijua nyumba zetu za kupanga, mpenzi msomaji. Kufika saa moja usiku kila mpangaji ana taarifa kwamba binti "amekwisha". Huku kwetu mtu akikonda haulizwi anakula nini, anapewa ugonjwa. Wiki nzima hakulala, chakula hakipiti, simu hapokei. Kijana aliyekuwa anamwendea kwa posa akaanza kuwa na shughuli nyingi.

Mwishowe akajikaza akaenda kituo cha afya. Nesi akampandisha kwenye ule mzani wa kusimama, wenye vyuma vya kusukuma juu ya rula. Kwanza akausogeza mpaka sifuri mbele ya macho yake, kisha akampima: kilo 63. Damu nayo alipima. Majibu ni yake na nesi wake, hayatuhusu. Ninachokwambia ni kwamba zile kilo sita zilizomkosesha usingizi hazikuwahi kuondoka. Nilipompelekea habari yule kijana wa stendi, hakuona haya: "Bradha, mzani hausemi uongo!"

Unasema sana, bradha. Na ubaya wake ni huu. Madaktari wanasema mtu akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita mpaka kumi na miwili, bila kutaka, aende akachunguzwe. Inaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, virusi vya Ukimwi, hata mawazo tu. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo tatu. Sasa mzani unaokosea kilo tano utakuonyeshaje kilo tatu? Utamtisha mzima, na mgonjwa utamwambia yuko fiti. Huyo wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, maana hatakwenda hospitali.

Kwa wanaotaka shepu hesabu ni hiyohiyo. Wataalamu wanachukua kilo zako wanagawa kwa urefu wako kwa meta, mara mbili. Mwenye kilo 60 na urefu wa meta 1.60 anapata 23.4, yuko sawa. Mzani ukimwongezea kilo tano anapata 25.4, tayari kaingia kwenye kundi la waliozidi uzito. Dada wa watu anaacha ugali kwa kosa la springi!

Na wazazi vijana, nyie ndiyo msicheze kabisa. Vidonge vya malaria vya mseto mtoto hupewa kwa kilo: kuanzia 5 mpaka chini ya 15 kidonge kimoja kila dozi, kuanzia 15 mpaka chini ya 25 viwili. Mtoto wa kilo 16 akisomwa 14, kapewa nusu. Mtoto apimwe kwenye mzani wa kliniki, siyo kwa wewe kupanda naye wa bafuni na kutoa hesabu.

MZEE WA KAHAWA HAIBIWI

Kinachonishangaza ni kwamba haya yote tunapaswa kuyajua kuliko watu wengine. Sisi ni watoto wa wakulima wa kahawa!

Mtazame mzee wa Kimatengo akifikisha kahawa yake ya maganda kwenye chama. Gunia halijapanda, yeye macho kwenye mshale: uko sifuri? Sakafu imekaa sawa? Mzani una stika ya Wakala wa Vipimo, tena ya mwaka huu? Mtu akiegemeza kiwiko anamwambia aondoe. Namba ikimtia shaka anasema: "Shusha, pandisha tena." Hakuna anayemcheka. Wazee hawa wamepita kwenye ushirika, wakapita kwa wanunuzi binafsi walioruhusiwa kuanzia msimu wa 1994/95, kisha mwaka 2018 serikali ikarudisha ununuzi kwenye vyama, hizo AMCOS. Wanunuzi walibadilika, mzani ukabaki palepale, na wao wakajifunza kwamba kilo mbili zikiyeyuka kwenye kila gunia, ada ya mtoto imeyeyuka.

Mizani ya biashara ina mwenyewe. Sheria ya Vipimo inataka ihakikiwe kila mwaka, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 ndio wenye kazi hiyo. Wa bafuni umetengenezwa kwa ajili ya nyumbani, na mingi imeandikwa kwenye boksi kabisa kwamba siyo ya biashara. Ukishaununua, afisa vipimo ni wewe mwenyewe.

Wala usione aibu kuushuku. Kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris tangu 1889. Walipokilinganisha na nakala zake wakakuta tofauti ya kama maikrogramu 50, sawa na punje ndogo ya mchanga. Haikuwapa raha. Tarehe 20 Mei 2019 wakaacha kukitegemea, kilo ikafungwa kwenye namba ya fizikia isiyobadilika. Wakubwa wameshughulika kwa punje ya mchanga, wewe unaachia kilo tano?

UPIME NA WENYEWE

Ukienda dukani, Mbinga, Songea au popote, usinunue kwa rangi. Fanya hivi mbele ya muuzaji, akinuna shauri yake.

Kwanza, uweke kwenye sakafu ngumu iliyonyooka na uutazame ukiwa mtupu. Usiposoma sifuri, wa springi una kigurudumu cha kuurekebisha. Ukigoma kurudi, achana nao.

Pili, panda na kushuka mara tatu. Namba zikipishana gramu mia moja au mbili, poa. Zikipishana kilo, huo si mzani, ni bahati nasibu.

Tatu, simama katikati, kisha sogea kidogo mbele, nyuma na pembeni. Mzuri hautikisiki sana.

Nne, na hili ndilo kiboko: panda mwenyewe, soma. Kisha beba mfuko wa sembe wa kilo 25 uliofungwa kiwandani, panda tena. Tofauti iwe 25. Ulikuwa 61, isome 86. Ikisoma 83, mzani umekula kilo tatu za unga bila mboga. Kama sembe hakuna, beba maji ya chupa: lita moja ni kilo moja, ongeza kidogo tu kwa ajili ya plastiki.

Aidha, chagua wenye uso mpana na miguu ya mpira. Wa betri wengi hukaa sawa muda mrefu kuliko wa springi, hasa huku ziwani kwenye unyevu, lakini uliza betri zake zinapatikana mtaani kwenu? Usije ukawa na sinia.

Ukishaupata, ukae nao huohuo mmoja. Pima asubuhi, umeshatoka msalani, hujanywa chai, nguo nyepesi. Ukinywa lita ya maji umeongeza kilo papo hapo, na siyo unene. Mwili wenyewe hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa siku, kwa hiyo andika mara moja kwa wiki na utazame mwezi mzima unaelekea wapi. Uzito wa leo peke yake hausemi kitu. Na usilinganishe wa kwako na wa stendi, utachanganyikiwa bure.

Kama mzani huohuo, uliopimwa na ukasimama, unakuonyesha unashuka mwezi hadi mwezi na hujui sababu, usiwaulize wapangaji wenzako. Nenda hospitali, ueleze, upimwe. Mzani kazi yake ni kukutuma kwa daktari. Ugonjwa haujui.

Yule binti, kwa taarifa yenu, kashanunua wa kwake. Muuzaji alimtolea macho alipomwona anapanda nao na mfuko wa sembe begani, akamuuliza, "Sista, unapima uzito au unahama?" Akamjibu, "Nakupima wewe." Yule wa posa alirudi wiki hiyohiyo na shughuli zake zimekwisha. Naye kawekwa kwenye majaribio, na nasikia mpaka leo hajarudi sifuri.