Samaki wa bwawani Kaplong: si baridi pekee inayowaua

Shemeji yangu, mume wa dadangu, anaishi Kaplong. Mwezi wa Julai alinipigia simu, sauti imemwisha. Alikuwa amekopa pesa za chama akanunua vifaranga wa tilapia na magunia ya chakula, na sasa kila asubuhi akiamka akuta samaki wawili watatu wanaelea. Mimi, mtoto wa Pwani, nikamjibu haraka: "Waongeze chakula, wana njaa." Nilimpoteza. Naandika haya ili nawe usije ukampoteza ndugu yako aliye bara.

Kaplong ni njia panda karibu na Sotik, kaunti ya Bomet, katika nchi ya majani chai. Iko zaidi ya meta 1,800 juu ya bahari. Sisi kusi likivuma twajifunika shuka, tukasema kipupwe kimeingia. Kule, alfajiri ya Julai, hewa hushuka hadi karibu nyuzi 10, na mchana jua hufichwa na mawingu. Hata miezi ya kiangazi si salama: Januari 2012 sakitu, yaani umande ulioganda, iliunguza chai Kericho.

Barafu haifuniki mabwawa ya Kaplong kama yale ya Ulaya. Lakini tilapia ni samaki wa joto. Hustawi maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana, yakifika 16 hivi huacha kukua, na yakikaribia 10 hufa.

Sasa hapa ndipo mkono wa mfugaji unapoharibu. Samaki hali, lakini chakula chaendelea kumwagwa. Kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula hewa ya oksijeni iliyo majini. Samaki aliyekwisha kudhoofika kwa baridi anakosa pumzi. Ukiwaona alfajiri wamekuja juu wanapanua vinywa, si njaa hiyo, wanatafuta hewa.

Basi afanye nini? Kwanza anunue kipimajoto, apime maji saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Alishe mchana maji yakishapata joto, kidogo kidogo, na asipowaona wakija, asimwage tena. Siku ya baridi kali asilishe kabisa. Samaki hafi kwa kukosa mlo wa siku chache.

Pili, kina. Bwawa la kufika magotini hupoa lote usiku mmoja. Likiwa na upande wa meta moja na zaidi, joto la mchana hudumu chini, na samaki hujificha huko. Maji ya mto yasiachwe kuingia usiku kucha, kwani huleta baridi. Mwenye uwezo hufunika bwawa kwa nailoni angavu juu ya miti, kama kibanda cha nyanya, akiacha nafasi ya hewa.

Tatu, asiwavue wala kuwahamisha wakati wa baridi. Wavu huwachubua, na jeraha huota ukungu mweupe kama pamba.

Nne, apange miezi. Vifaranga waingie baridi ikishapungua, Septemba hivi, ili wakutane na Julai wakiwa wakubwa. Asitarajie kuvuna baada ya miezi sita kama Kilifi au Kwale. Kule huenda ikafika mwaka.

Kuna na jambo la mahali. Mabwawa huchimbwa bondeni kwa sababu ndiko kuliko na maji, na hewa baridi nayo huteremkia huko huko usiku. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa meta 300 za mraba. Kipimo kilikuwa kimoja, lakini nchi haina baridi moja. Penye kijito cha maji baridi yanayokwenda kasi, trauti angefaa kuliko tilapia.

Shemeji aliacha kumwaga chakula, akaondoa masazo, akafunga mfereji usiku. Vifo vikapungua, ingawa deni la chama bado analipa. Siku hizi akinipigia, kabla sijatoa ushauri humuuliza kwanza: maji yana nyuzi ngapi?