Jina Moja, Ala Mbili: Tatizo la Istilahi za Muziki wa Wagogo

Utangulizi

Msafiri wa Reli ya Kati anayekijua Kiswahili pengine hutabasamu asomapo jina la Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma. Katika Kiswahili, zuzu ni mtu mjinga, aliyepumbaa asijue la kufanya. Lakini Zuzu iko Ugogo, na jina la mahali halielezwi kwa kamusi ya lugha nyingine ati kwa sababu sauti zimefanana. Kosa la namna hii ni dogo likihusu kituo cha reli. Likihusu istilahi, madhara yake huingia vitabuni na kukaa humo. Katika makala haya tutalichunguza tatizo hilo kwa mfano wa muziki wa Wagogo, kisha tutatoa mapendekezo.

Maneno tutakayoyatazama ni matatu: zeze, marimba na ngoma. Yote ni maneno ya Kiswahili, na yote yana ndugu zao katika Cigogo (herufi c katika maandishi ya lugha hiyo husomwa ch). Hapo ndipo penye mtego, kwani ndugu wa jina si lazima awe ndugu wa maana.

Zeze

Katika sehemu nyingi za nchi, zeze ni kipande cha ubao chenye vifundo vya kukandamizia uzi, kilichofungwa kwenye kibuyu kilicho wazi. Mchezaji hukiegemeza kibuyu kifuani na kuudonoa uzi kwa kidole.

Izeze la Wagogo ni ala nyingine kabisa. Hilo ni mti mwembamba uliopitishwa katika kibuyu au katika gogo dogo lililochongwa na kuwambwa ngozi. Nyuzi zake, mbili au zaidi, hazidonolewi bali husuguliwa kwa upinde. Marehemu Hukwe Zawose, msanii wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alilipiga izeze katika kumbi za nchi nyingi, na alijulikana kwa kutumia mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba zeze hudonolewa, akiuona upinde ule atadhani ni fimbo tu.

Neno upinde nalo lina taabu yake. Wagogo wana ala iitwayo ndono, ambayo yenyewe ni upinde: uzi mmoja uliokazwa kwenye mti uliopindwa, wenye kibuyu cha kukuzia sauti, nao hupigwa kwa kijiti. Basi tusemapo "upinde" pasipo maelezo, hatujulikani kama tumetaja ala nzima au kifaa cha kusugulia.

Marimba

Kiswahili kimelipa neno marimba kazi mbili. Ni safu ya vipande vya mbao vinavyogongwa kwa vijiti, na pia ni kisanduku chenye vyuma vyembamba vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Cigogo kinacho ilimba, ambacho ni hiki cha pili.

Ilimba lina jambo ambalo tafsiri ya haraka hulipoteza. Aghalabu kwenye ubao wake huwapo tundu lililozibwa kwa utando mweupe ambao buibui hulindia mayai yake. Chuma kikidonolewa, utando hutetemeka na kutoa mvumo unaofuatana na sauti ya chuma. Mvumo huo umekusudiwa na mtengenezaji. Tumewahi kusoma tafsiri iliyouita "mkwaruzo", kana kwamba ala ile imeharibika. Neno moja lisilofaa limeigeuza sifa kuwa kasoro.

Kuna swali la sarufi pia. Tuseme "ilimba hii" au "ilimba hili"? Katika Cigogo wingi wake ni malimba. Kwa hiyo neno hili ni la ngeli ya ji-ma, sawa na jicho na macho. Yafaa tuseme "ilimba hili" na "malimba haya".

Ngoma

Hakuna neno la muziki lililobebeshwa mzigo mzito kuliko ngoma. Ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni sherehe nzima. Mwandishi akiandika kwamba "wanawake walikuwa katika ngoma", hatujui kama walipiga, walicheza au walihudhuria. Kwa Wagogo tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu katika muheme wapigaji ni wanawake. Hubana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Nao muziki huo unahusiana na unyago wa wasichana. Msomaji aliyezoea kwamba mpiga ngoma ni mwanamume hatalitambua hilo ikiwa tafsiri imesema "ngoma" tu.

Wanaume nao hupiga. Marehemu Morris Nyunyusa, Mgogo aliyekuwa kipofu, alipiga peke yake ngoma nyingi kwa pamoja, na mlio wake ukawa kitangulizi cha taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Lakini upigaji ule haukuwa muheme, na haifai kuuita hivyo.

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Kanuni iliyozoeleka katika kuunda istilahi hutuagiza tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya. Muziki wa Wagogo unayo maneno tayari, lakini watumiaji wake wanabadilika. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya wakazi katika vijiji. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji, na Zuzu ni mojawapo ya kata zake. Mtoto wa huko husoma kwa Kiswahili na hucheza na wenzake kwa Kiswahili. Majina haya yasipopewa nafasi katika Kiswahili, huenda mtoto huyo asiyapate popote.

Mapendekezo

(a) Majina ilimba, ndono na muheme yaingizwe katika Kiswahili kama yalivyo, bila kutafsiriwa.

(b) Neno zeze libaki kuwa jina la jumla, na aina zitofautishwe: zeze la kudonoa na zeze la kusugua. Kifaa cha kusugulia kiitwe upinde wa zeze.

(c) Marimba ya mbao yaitwe marimba ya kugonga.

(d) Neno ngoma litumike kwa chombo katika maandishi ya kitaaluma. Uchezaji na sherehe vitajwe kwa majina yake.

Mapendekezo haya hayajakamilika. Bado tunahitaji majina ya sehemu za kila ala: mti, tundu, utando, kigingi cha kukazia uzi. Wenye kuyajua zaidi ni mafundi wanaozichonga, na wengi wao ni wazee. Tunawaomba walimu na wasomaji wa Dodoma wawaendee, wayaandike majina hayo pamoja na maelezo ya kazi ya kila sehemu, na kuyaleta kwetu ili yajadiliwe.