Je, Wajua? Gari Nalo Huenda Tege

Aliyelalia kitanda cha kamba anaijua adha ya kitanda kwenda tege. Kamba imevutwa upande mmoja kuliko mwingine, na asubuhi tendegu moja linaning'inia juu huku matatu yamekanyaga sakafu. Hakuna ubao uliovunjika. Ni umbo zima lililojisokota. Gari nalo huenda tege, hata jipya lililotoka kiwandani jana, ila la gari huja na kuondoka: gurudumu moja likipanda jiwe gari linasokotwa, likishuka linarudi. Dereva wa kawaida hajui. Dereva wa gari la michezo anajua, na baadhi yao huingia chini ya gari na mashine ya kuchomelea ili kulikomesha.

Fanya jaribio dogo kabla hatujafika huko. Chukua boksi la viatu, bandika kifuniko kwa gundi ya karatasi pande zote, kisha lishike ncha mbili na ulikamue kama unavyokamua nguo. Linakataa. Sasa bandua kifuniko ukamue tena. Limelegea kama chapati. Karatasi ni ileile, mikono ni ileile, umeondoa ukuta mmoja tu. Gari la paa la bati ni boksi lenye kifuniko. Gari la wazi, lile la turubai linalokunjwa, ni boksi lililobanduliwa kifuniko, na turubai halihesabiki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mazda MX-5, ambayo Wamarekani huiita Miata na Wajapani waliijua kwanza kwa jina la Eunos Roadster. Ilionyeshwa hadharani Februari 1989 katika maonyesho ya magari ya Chicago: viti viwili, injini ya lita 1.6 mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, uzito haufiki tani moja. Mbegu ilipandwa mwaka 1979, mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani, Bob Hall, alipomweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia imekosa gari dogo la wazi kama yale ya Waingereza wa zamani. Toshihiko Hirai, aliyeongoza mradi, aliwapa wahandisi wake maneno mawili ya Kijapani ya kufuata, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja. Aprili 2016 gari la milioni moja lilitoka kiwandani Hiroshima.

Farasi huyo alikuwa na mgongo laini kidogo, na Mazda hawakujifanya hawaoni. Kwenye modeli ya 1994, injini ilipopandishwa hadi lita 1.8, waliongeza chuma nyuma ya viti kinachounganisha nguzo mbili za mikanda, na vyuma vingine chini, mbele na nyuma. Kiwanda chenyewe kilifunga miega, yaani vyuma vya kukaza bodi. Mwenye gari la miaka ya kwanza akaangalia hilo, akaangalia grinda yake, akasema kumbe inawezekana.

Ubaya wa bodi inayojisokota uko hapa. Gari lina springi nne, na kila springi ina shokapu ya kuituliza. Bodi ikiwa laini inageuka springi ya tano, na hii ya tano haina shokapu. Gurudumu la mbele kulia likigonga shimo, badala ya springi yake kufanya kazi yote, sehemu ya pigo inaliwa na bodi, ambayo inajisokota, inarudi, inapitiliza, inarudi tena. Ndiyo maana katika gari la wazi utaona kioo cha ndani kinatetemeka na usukani unachezacheza mkononi kwenye barabara ambayo gari lenye paa lingepita kimya. Kwenye kona kuna hasara nyingine. Wahandisi hupanga kwa makini ni mzigo kiasi gani ubebwe na matairi ya mbele na kiasi gani ya nyuma, na chombo cha kupangia ni stabilaiza. Lakini mbele na nyuma zinaongea kupitia bodi. Mjumbe akiwa mlegevu, unaweza kubadili stabilaiza upendavyo na gari lisisikie vizuri.

Wengi hudhani dawa ni chuma kinene. Sivyo, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Chukua bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 50 na ukuta wa milimita 2. Lipasue kwa grinda mstari mmoja mwembamba, toka mwanzo hadi mwisho. Chuma ulichopoteza ni unga usiojaza kiganja. Lakini uwezo wa bomba hilo kukataa kusokotwa umeshuka zaidi ya mara 400. Nguvu yote ilikuwa katika kufungamana kwa duara, wala haikuwa katika uzito. Umbo lililofungwa linasukuma msokoto uzunguke ukuta mzima. Ukilipasua, kingo mbili zinateleza moja pembeni ya nyingine na basi.

Jambo la pili anakujulisha fundi yeyote wa kupaua nyumba. Mbao nne ulizozigonga misumari kwenye kona hulala upande ukizisukuma. Ongeza ubao wa tano toka kona hadi kona, na sasa una pembetatu mbili, na pembetatu hailali mpaka kitu kivunjike. Kenchi za paa zinaishi kwa siri hiyo. Mwega wa gari pia: chini ya sakafu ya MX-5 kuna reli mbili za bati zinazokwenda mbele na nyuma, nyembamba kiasi kwamba magari mengi ya umri huo yana reli zilizobonyezwa na jeki za mafundi wenye haraka. Kati ya reli hizo kuna uwazi zinamopita propela shafti na ekzosi. Huo ndio mstari uliopasuliwa kwenye bomba. Mwega wa umbo la X, ukishika reli hizo kwenye ncha zake nne, unaufunga uwazi na kuugeuza kuwa pembetatu.

Ila X ya chuma gani? Nimeona picha za miega ya nyumbani iliyotengenezwa kwa flatibaa, kwa sababu flatibaa ni rahisi kukata na kutoboa. Tufanye hesabu. Flatibaa ya milimita 40 kwa 4 ina uzito wa kilo 1.26 hivi kwa mita. Paipu ya mraba ya milimita 25 yenye ukuta wa milimita 2 ina kilo 1.44. Karibu sawa. Sasa kata kila kimoja sentimita 80 na ukisukume toka ncha zote mbili. Flatibaa inajikunja kama rula ya plastiki mzigo ukifika kilo 67 au hapo karibu. Paipu inabeba zaidi ya tani 3. Flatibaa ni hodari wa kuvutwa tu. Na mwega wa gari, kona ya kulia unavutwa, kona ya kushoto unasukumwa. Vilevile usipinde. Mwega uliopindwa kupisha ekzosi si mwega tena, ni springi nyingine. Afadhali uhamishe ncha zake kuliko kuukunja kiuno.

Kazi yenyewe haina miujiza. Gari lisimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwenye rampu au shimo la gereji, kwa sababu ukilining'iniza kwenye jeki umeshalipeleka tege, na mwega utalifunga hivyohivyo lilivyopinda. Bamba za milimita 4 au 5 zinakaa kwenye ncha. Mwega unapigwa nukta chache za kuchomelea ukiwa mahali pake, kisha unateremshwa na kumaliziwa mezani, nukta huku, nukta kule, ili joto lisiuvute. Bati la sakafu halifiki milimita moja, kwa hiyo boliti ikikazwa peke yake italimeza. Weka bamba la pili kwa juu, na ndani ya reli penyeza kipande cha bomba ambamo boliti itapita, reli isipondeke. Boliti ziwe zile zenye 8.8 kichwani. Namba hizo si pambo: ya kwanza inasema chuma kinakatika kwenye megapaskali 800, ya pili inasema kinaanza kuharibika kwenye asilimia 80 ya hapo. Na tundu lisiwe pana. Tundu likicheza, bodi inajisokota kwanza mpaka nafasi hiyo iishe, ndipo mwega uamke.

Mambo mawili ni ya hatari. Paipu za breki na mafuta hupita chini ya sakafu hiyohiyo unayotaka kuitoboa, basi zifuatilie kwa mkono na tochi kabla ya drili. Na paipu iliyopakwa zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Mafundi wetu wengi huamini glasi ya maziwa ni kinga. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Kinga ni kukwangua zinki na kufanyia kazi penye upepo.

Msomaji mwenye lori atauliza: mbona chesisi yangu haikufungwa boksi? Kwa sababu hawakutaka. Chesisi ya lori ni vyuma viwili vya umbo la C, vilivyoachwa wazi upande mmoja, ili ijisokote na magurudumu yote yaendelee kukanyaga kwenye njia ya mashimo. Fundi anayeziba C kwa bati ili kuiongezea nguvu mara nyingi anahamisha ufa tu: chesisi sasa inapasuka pale bati lilipoishia. Gari la michezo nalo haliko salama na kosa hilo. Ukikaza katikati kupita kiasi, msokoto unakimbilia mwisho wa mwega, na miaka miwili baadaye utakuta ufa mwembamba kama unywele pembeni ya bamba. Ndiyo maana ncha hutandazwa kwenye bamba pana, zisiishie ghafla.

Tuseme pia ukweli ambao wauzaji wa miega hawausemi kwa sauti. Bushi zilizochakaa, shokapu zilizovuja na matairi magumu ya zamani huharibu ushikaji wa gari kuliko bodi laini, na mwega hautibu hata kimoja. Pia unashusha tumbo la gari ambalo tayari liko karibu na ardhi. MX-5 yenye mwega na matuta ya mitaa yetu haziwezi kuelewana. Uingereza bima isipoambiwa kuhusu badiliko kama hilo huweza kukataa kulipa, na Ujerumani gari lililofungwa chuma cha kujitengenezea halirudi barabarani bila mkaguzi kukiidhinisha.

Kama bado unataka, pima kwanza. Egesha gari mahali tambarare, funga mlango wa dereva, uchukue fila geji upime mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma, juu na chini. Sasa piga jeki kona moja ya mbele mpaka gurudumu liachane na ardhi, upime tena. Kwenye gari la wazi la zamani utaona mwanya wa juu umebadilika, na mara nyingine mlango ukifunguliwa haurudi vizuri. Andika namba hizo kwenye karatasi. Ukishafunga mwega wako, rudia kwa jeki ileile, kona ileile. Mwanya ukibadilika kiasi kilekile cha mwanzo, ulichofunga ni kilo sita za chuma.