Stampu na Sarafu Katika Bahasha Moja

Watu wengi hukusanya stampu za barua, na wengine hukusanya sarafu za zamani. Iko na namna ya tatu, yaani kukusanya bahasha zenye vyote viwili pamoja. Bahasha ya namna hii hubandikwa stampu, hupigwa muhuri wa Posta siku maalum, kisha sarafu hutiwa ndani ya karatasi ngumu yenye kidirisha, ili ionekane bila kutolewa.

Huenda msomaji akauliza, faida yake ni nini? Faida ni kuwa stampu na sarafu ni mashahidi wawili. Muhuri hueleza mahali na siku, na sarafu hueleza mwaka na mtawala. Mara nyingine mashahidi hao hawapatani, na hapo ndipo penye elimu.

Mfano mzuri ni mwaka 1936. Mfalme George V alifariki tarehe 20 Januari, na mwanawe, Edward VIII, akamrithi. Mwaka huo zilipigwa senti 5 na senti 10 za Afrika ya Mashariki zenye jina la Edward. Kwa kuwa sarafu hizo zina tundu katikati, hazikuwa na sura ya mfalme, jina lilitosha. Lakini stampu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizotolewa mwaka 1935, ziliendelea kuwa na sura ya George V. Edward akajiuzulu mwezi wa Desemba kabla hajavikwa taji, na stampu mpya za mwaka 1938 zikaja na sura ya George VI. Basi jina la Edward limo katika sarafu, wala sura yake haimo katika stampu hizo. Mtu akiweka senti 10 ya mwaka 1936 pamoja na barua ya mwaka huo, aweza kumfundisha mtoto habari hiyo yote kwa kitu kimoja mkononi.

Sarafu za George VI nazo zina habari yao. Senti 10 za miaka ya vita humtaja kuwa Mfalme na Kaisari wa Uhindi. Zile za mwaka 1949 na baadaye hazina tena maneno ya Uhindi, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imejitawala tangu mwaka 1947.

Mji wa Isiolo ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wakati wa ukoloni, na majeshi mengi yalipita hapo katika vita vya 1940 na 1941. Kwa hiyo yafaa wazee watazame masanduku yao kabla ya kuchoma karatasi za zamani. Wala mtoto asibandue stampu, maana akiibandua huharibu muhuri, na shahidi mmoja amekwisha kupotea.

Anayetaka kuanza hahitaji fedha nyingi. Shilingi 1 ya Kenya iliyotolewa mwaka 2018 ina picha ya twiga, mnyama aonekanaye katika hifadhi ya Buffalo Springs, karibu na Isiolo. Mtu aweza kubandika stampu yenye mnyama wa porini, akamwomba karani wa Posta aipige muhuri kwa mkono, kwa upole. Sarafu itiwe baadaye, maana ikitangulia huweza kupasua bahasha njiani.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala ndimu, ishikwe ukingoni. Pili, isiwekwe katika plastiki laini ya bei rahisi, kwa kuwa nyingine hutoa majimaji ya kijani yanayoila. Tatu, bahasha ikae mbali na jua, vumbi na mchwa.

Wala mtu asidanganyike kwamba atatajirika. Bahasha aliyoitengeneza mwenyewe haina bei kama zile zitolewazo na Posta na viwanda vya sarafu, na wako wauzaji ambao huingiza sarafu ya kawaida katika bahasha ya zamani na kudai bei kubwa. Mnunuzi alinganishe tarehe ya muhuri na mwaka wa sarafu kwanza. Thamani ya kweli ni kumbukumbu za nchi, nazo wenyeji wenyewe wasipozitunza, hakuna atakayezitunza kwa niaba yao. Akiba haiozi.