Mtoto Anayeogopa Michezo ya Kutisha

Leo tuzungumzie hofu, hasa ile inayoletwa na michezo ya video ya kutisha, ambayo watoto wetu huicheza kwenye simu na katika vibanda vya michezo mtaani.

Huenda una watoto wawili. Mmoja hucheza mchezo wa mizuka huku akicheka. Mwenzake huziba macho, hutetemeka, na usiku hataki kwenda chooni peke yake. Ndugu zake humwita mwoga. Akina mama huniuliza kliniki, "Sista, huyu wangu ana kasoro gani?" Mama, hana kasoro.

Kitu kinapotokea ghafla kwa kelele, ubongo hupiga king'ora kabla mtu hajafikiri. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda mbio, jasho hutoka, misuli hukaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Kisha ubongo hutambua kuwa ni picha tu, na king'ora huzimika. Anayependa michezo hii hufurahia ule utulivu wa baadaye: ameogopa, kumbe yu salama. Lakini wako ambao king'ora chao hulia upesi na huchelewa kuzimika. Kwao hakuna raha. Ni maumbile tu, na hata watu wazima wengi wako hivyo. Tena mtoto wa chini ya miaka 7 hivi bado hajui vizuri kutenganisha ya kubuni na ya kweli.

Usidanganywe na sura ya mchezo. Five Nights at Freddy's, uliotoka mwaka 2014, una wanyama kama wanasesere wa watoto, lakini humrukia mchezaji gizani kwa mayowe. Tazama pia nambari kwenye kasha: 16 au 18 ni umri, na mtoto wa darasa la pili hajaufikia.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usimcheke wala kumlazimisha acheze ili azoee. Mweleze kwamba anaruhusiwa kuzima na kuondoka. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Pili, mwulize aliona nini, umsikilize hadi mwisho. Mwambie kuwa ni picha zilizochorwa na watu. Nawe usimtishe kwa zimwi ili alale.

Tatu, zima simu na televisheni saa moja kabla ya kulala.

Nne, akiamshwa na ndoto mbaya, mkumbatie na kumtuliza. Lakini akipiga mayowe saa za kwanza za usingizi, macho wazi na hakutambui, huko ni kuweweseka. Usimtikise. Mlinde asijiumize, atalala tena, na asubuhi hatakumbuka.

Tano, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, asichapwe. Kipigo huongeza hofu ile ile. Mpeleke akapimwe mkojo, kwani huenda pia ni maambukizi.

Mlezi mwenzangu, sikiliza hili kwa makini. Hofu ya mchezo hupungua siku zinavyopita. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, mtoto halali, hali vizuri au anakataa shule, mlete kituo cha afya. Na akimwogopa mtu fulani au mahali fulani, usilaumu mchezo. Huenda kuna anayemdhuru. Mwulize kwa upole mkiwa wawili tu, umwamini. Hapa Kenya unaweza kupiga simu bila malipo nambari 116, usiku au mchana, upate msaada.

Mtoto anayejua kwamba hatachekwa nyumbani atakuletea hofu zake zote, hata ile kubwa kabisa.