Taa Nyeupe au Taa ya Njano? Neno kwa Wanaoendesha Usiku



Mwezi uliopita dereva mmoja wa trekta ya miwa, mwanachama wetu upande wa Busia, alinipeleka katika duka la spea karibu na mpaka. Mwenye duka aliweka maboksi mawili ya balbu mezani. Moja limeandikwa 3200, la pili 6000, na balbu ya ndani ina kioo cha samawati. Akatuambia kwamba 6000 ni nguvu zaidi, karibu mara mbili, na kwa hiyo bei yake ni kubwa. Dereva akanigeukia: "Mzee, nichukue gani?"

Swali hili si la dereva wa trekta peke yake. Ni la madereva wa malori ya simiti kule Tororo, na la vijana wa boda boda, ambao jina lao lilizaliwa hapa hapa Busia wakati abiria walipobebwa kwa baisikeli toka mpaka hadi mpaka. Ni letu pia sisi tunaotoka shifti ya usiku kwa miguu, tukipigwa na taa usoni.

Kwanza ifahamike kwamba hesabu ile si nguvu. Ni hesabu ya rangi ya mwanga, nayo huitwa Kelvini. Mtazame mfua vyuma. Chuma kikishika moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha njano, kikizidi sana huelekea weupe. Wataalamu wakaipa kila rangi hesabu yake ya joto. Mshumaa ni kama 1900, balbu ya kawaida ya halojeni ni kama 3200, jua la adhuhuri ni kama 5500. Ikipita 6000 mwanga huanza kuwa wa samawati. Hesabu kubwa haimaanishi utaona mbali.

Umeme unaoliwa na balbu huhesabiwa kwa wati, na mwanga unaotoka kwa lumeni. Tuliyageuza yale maboksi: yote mawili yameandikwa wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Waya wa ndani ni wa namna moja. Ila ile ya samawati kioo chake kimepakwa rangi inayozuia sehemu ya mwanga mwekundu na wa njano usitoke. Basi umeme ni ule ule, mwanga ni pungufu, na umelipa zaidi.

Na mwanga mwekundu na wa njano ndio tunaouhitaji huku. Barabara zetu nyingi nje ya lami ni udongo mwekundu. Ng'ombe aliyelala njiani ni wa kahawia. Halojeni ya kawaida huvionyesha vizuri. Tena mwanga wa samawati huumiza zaidi macho ya anayekuja mbele, hasa mtu mzima wa umri wangu. Wakati wa mvua na ukungu huwa mbaya zaidi, kwa kuwa unarudi usoni mwa dereva mwenyewe. Wafaransa walilazimisha taa za njano kwa magari yao tangu miaka ya 1930 hadi 1993 wakitaka kupunguza kung'arishana macho. Taa ya njano haitoboi ukungu kama watu wasemavyo, lakini macho hayachoki upesi.

Siku hizi kuna balbu za LED zinazopachikwa mahali pa halojeni. Hapa tahadhari. Kioo cha nyuma ya taa kilitengenezwa kwa waya uliokaa mahali pake hasa. Mwanga ukitokea pengine hutawanyika ovyo, ukapanda juu kwenye macho ya watu. Gari lililotoka kiwandani na LED zake ni jambo lingine.

Pia malori ya Kongo na Rwanda, ambako huendeshwa upande wa kulia, dimu yake huinuka kulia. Kwetu tunaoendesha kushoto, kulia ndiko anakotoka mwenzako. Hata balbu njema itamng'arisha. Na lori lenye mzigo mzito nyuma huinua pua na taa zake, hivyo zishushwe kabla ya kuondoka. Vumbi la simiti lifutwe kwenye kioo kila jioni. Balbu ya halojeni isishikwe kioo kwa vidole, maana mafuta ya mkono huifanya ipasuke ikipata moto.

Trela la miwa lisilo na viakisi nyuma halisaidiwi na balbu ya rangi yoyote. Hilo nalo mwakilishi wetu kazini alikumbushe kwa meneja.

Juu ya nani anunue: sheria za usalama kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri kuweka mitambo katika hali ya usalama, na taa ni sehemu ya mtambo. Dereva wetu alichukua zile za 3200, mbili kwa pamoja ili zilingane, akalipa kwa fedha yake. Risiti tuliipeleka ofisini kwake siku ya Jumatatu. Tunangoja jibu.